Namba ya Ebushindo

Mama mpendwa,

Leo nimeandika namba ya nyumbani kwetu. Wewe ndiye ningekimbilia kukueleza.

Asubuhi nikitoka mtaani kwangu Laini Saba kwa miguu, moshi wa wakaanga mandazi hutanda juu ya reli, na ndani yake nakuona. Ni jioni, umesimama mlangoni, unatuita mmoja mmoja kwa majina mpaka ajulikane asiyeitika. Hukutuhesabu kamwe. Siku niliyotoka shule nikasema, "Mama, tuko saba," ulinifunika mdomo kwa kiganja chenye harufu ya kitunguu.

"Mtu si kuku," ulisema. "Mtu huitwa."

Sasa mimi ni kibarua katika ofisi ya sensa. Fomu zikifika, naandika namba ya kila mahali: wilaya, tarafa, lokesheni, kisha kijiji. Wanaopanga zahanati hutazama namba hizo. Kijiji kisichokuwa nayo humezwa na jirani.

Leo zikaja fomu za Ebushindo, kijiji chetu. Nyumba hii mtu mmoja, ile wawili, ile mmoja. Nilielewa papo hapo. Karani aliyetumwa huko alikuwa mgeni, aliuliza watu wako wangapi, nao wakamjibu kwa adabu ya kwetu, "Tuko kidogo tu." Akaandika kidogo.

"Hawa waunganishe na jirani," msimamizi akasema.

Rispa, mwenzangu anayetoka Kawangware, aliniona nikibadilika uso. "Wewe nyamaza," akaninong'oneza. "Kibarua mwenye mdomo hafiki Ijumaa."

Nikainamia fomu, Mama. Unajua nilivyo mwoga. Lakini nilikiona kile kitanda tulichokubebea, njia ndefu ya kwenda zahanati, na mahali tulipokitua kwa sababu hakukuwa na haraka tena. Nikajikuta nimesimama.

"Bwana, hapo kuna watu wengi."

"Umejuaje?"

"Ni kwetu."

"Haya, nihesabie."

Ulimi ukakataa kuhesabu. Basi nikafumba macho nikaita. Nilianzia nyumba za mtoni, nikapanda na kilima, na ofisi ikayeyuka pole pole. Nikasikia milango, mbuzi, mtu akikohoa, sauti zikiitika kutoka kwenye migomba. Mbali kidogo, kalamu ya msimamizi ilikuwa ikikwaruza. Nilipofika kwetu nikawaita ndugu zangu, kisha jina lako likatoka lenyewe.

"Huyo naye yupo?" msimamizi akauliza.

Nilifumbua macho. Wote walikuwa wamegeuka kunitazama.

"Hayupo, bwana."

Akapiga mstari juu ya jina lako, bila ukali. Kisha akasema, "Nitarudisha mtu huko, aulize majina kwanza. Kijiji kipe namba yake."

"Kumbe una sauti," Rispa akanitania tulipotoka. Sikuweza kucheka.

Sijui kama wiki ijayo nitaitwa kazini, wala kama zahanati itajengwa. Linalonirudia ni lile neno: hayupo. Tangu mazishi sikuwa nimelitamka; nilikuwa nikisema umelala, umepumzika, umetangulia. Nimelitamka mbele ya wageni, na jua la Nairobi limeendelea kuwaka juu ya mabati ya mtaa wa Mashimoni, na mimi nimerudi nyumbani nikapika, nikala.

Pumzika, Mama. Walio hai nimewasemea.

Ni mimi, kitindamimba wako