Si Maji

3 Februari

Baba,

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Uliniandikia kwamba dagaa wa kusaga wa kulisha samaki wako wameadimika, kwa kuwa watu na kuku wote wanawagombania. Nimekaa maktaba mchana kutwa kwa ajili hiyo. Kumbe perege wa bwawani kwako hahitaji kula samaki wenzake ili akue. Soya inaweza kushika nafasi ya dagaa. Saga soya makopo mawili, pumba za mahindi mawili, mashudu ya alizeti moja. Kanda kwa uji wa muhogo, kisha anika. Kengele ya chakula imelia nikiwa katikati ya kitabu, basi naishia hapa.

Mwanao

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mguu umekataa kupona na umekataa kuvunjika, tunavumiliana. Masomo yanakwendaje?

Barua yako nilimsomea fundi baiskeli. Alicheka akasema tunataka kulisha samaki maharage kama watoto wa bweni. Hata hivyo aliinakili yote kwenye ubao wa karakana yake. Bwawa lake limekamilika. Unajua amelichimba peke yake, jioni baada ya jioni, tangu alipofiwa na mkewe. Ametia vifaranga mia tatu, na kila mteja lazima apelekwe kuwaona kabla hajazibiwa pancha. Kwa hiyo sasa una wanafunzi wawili wazee.

Baba yako

8 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila mambo ya bwawani si mazuri.

Samaki wanakula chakula cha soya vizuri lakini hawanenepi. Vichwa ni vikubwa, migongo imekonda kama kisu. Wangu ni wakubwa, wanavumilia. Vifaranga wa fundi wameanza kufa tangu baridi ya masika iingie, anaokota kumi, kumi na wawili kila asubuhi. Anadhani ni maji. Amebadilisha nusu ya bwawa kwa ndoo, akiteka mtoni. Kitabu kinasemaje?

Baba yako

14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo sijui hata nikuulize hali vipi.

Si maji. Tafadhali mwambie fundi aache kubeba ndoo.

Nimekirudia kitabu kile. Ukurasa unaofuata, mstari wa kwanza kabisa, unasema soya isisagwe ikiwa mbichi. Ni lazima ipikwe au ikaangwe kwanza, la sivyo samaki hushiba lakini chakula hakimjengi mwili. Siku ile nilifunga kitabu kengele ilipolia, na kesho yake nikatuma barua bila kuufungua ukurasa huo. Nilitaka uipate upesi. Nilitaka uone kwamba najua.

Msomee fundi barua hii, usipunguze neno. Na mrudi kwenye dagaa, hata wakiwa wachache. Mimi sitaandika tena habari za chakula cha samaki.

Mwanao

21 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimechelewa kukuandikia.

Fundi nilimsomea yote, kama ulivyotaka. Alichukua kitambaa akafuta ubao wake, akaendelea kukaza nati. Kwa muda wa wiki tatu alikuwa akinipita njiani kwa salamu fupi tu. Sikumlaumu. Wamebaki vifaranga themanini na kitu.

Nami nina langu la kuungama. Mama yako hakuwahi kupika maharage bila kuyachambua na kuyaloweka, nami niliishi naye jikoni miaka kumi na minane. Nilipoziona soya mbichi zikiingia kinuni, moyo ulisita. Nikajiambia, mwanangu amesoma, mimi ni nani nimuulize? Kosa hilo ni langu, usinibebee.

Jana asubuhi fundi alikuja na ndoo ya soya, akaketi mlangoni bila kukaribishwa. Nikamwambia kwamba wewe umeapa kutoandika tena habari za chakula cha samaki. Akasema, "Vifaranga wangu hawajaapa. Muulize, zikaangwe mpaka zifike wapi?"

Tunasubiri. Soma mpaka mwisho wa kitabu ndipo uandike.

Baba yako