Mkono Uliozoea Punda

Kambi ya Utafiti,
Mtera.
9 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Domitila,

Shikamoo. Tangu Jumanne ninasikia mlio mmoja, mfupi, kama bua kavu la mtama likivunjwa. Nitakueleza. Kwanza wewe: mguu unaendeleaje? Huko Kigoma mvua zimeshika? Mimi mwilini ni mzima.

Unajua chuo kimenileta hapa bwawani kupima maji. Mradi una boti ndogo ya injini, na nahodha wake ni Gerson. Wanafunzi haturuhusiwi kuiendesha. Nilimbembeleza wiki nzima mpaka akakubali kunifundisha.

Katikati ya maji niliweza. Shida ni kufika gatini: unakuja taratibu ukikabili upepo, unatoa gia mapema, unagusa rivasi kidogo. Tena mpini wa injini ni kinyume, ukiusukuma kulia boti inakwenda kushoto. Gerson alinicheka kila siku: "Binti wa Haneti, hapa hakuna kamba ya punda!"

Jumanne, tukikaribia gati, upepo ulitubeba. Nilishtuka, na mkono wangu ukarudi kijijini Haneti, kwenye ule mkokoteni wa punda ulionifundishia wewe. Nikavuta upande niliotaka kwenda. Boti ikalivaa gati. Gerson alikuwa amenyoosha mkono kuizuia. Vidole viwili vikavunjika, Shangazi.

Mkuu wa kambi alipouliza nani alikuwa anaendesha, Gerson alijibu, "Mimi," kabla sijafungua mdomo. Baadaye, mkono ukiwa na plasta, akaniambia, "Wewe soma, mama. Vidole vitaunga."

Nikanyamaza. Nilijiambia ninamheshimu kwa kunyamaza. Jana wamemsimamisha kazi kwa uzembe. Jioni mkewe, Flaviana, akaniletea perege kama kawaida yake, akaniuliza kama ninalala vizuri. Sikuweza kula.

Nisalimie Baba Raphael, na Bupe umwambie kitabu chake ninacho. Mungu akupe nguvu ya kutembea hadi kanisani bila fimbo.

Usishtuke ukisikia nimerudi nyumbani kabla ya muda. Leo asubuhi nimempelekea mkuu maelezo yangu, kurasa mbili: kwamba mimi ndiye niliyembembeleza Gerson, na mkono uliokuwa kwenye mpini ni huu ninaokuandikia. Ameyasoma nikiwa nimesimama. Ameagiza Gerson aitwe, kisha akanidai ufunguo wa stoo ya boti, ninamoweka vifaa vya kupimia maji. Nimeuweka mezani kwake.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye,
Penina