Vidonge Vitatu vya Mama

Jang'ombe,
Unguja.
9 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Kidawa,

Assalamu alaykum. Hujambo? Shemeji Ubwa hajambo, na wanangu Zain na Msabah wazima? Nasikia huko Manchester baridi imeshaanza na sisi hapa bado tunatafuta kivuli. Vaa soksi, nakujua kwa ubishi. Mimi mzima, ila moyo haujatulia.

Usishangae kuona barua. Nimejaribu kukueleza kwa sauti, kila nikianza nalia, na Mama anasikia kila kitu. Nikimaliza, ndugu yetu Jecha ataipiga picha akutumie kwa simu yake.

Mama yu hai, alhamdulillahi. Nimelitanguliza hilo ili yaliyobaki uyasome umekaa kitako. Jumatatu ya wiki iliyopita alianguka jikoni, buli mkononi, akitaka kunimiminia chai. Nilipomshika kifuani, moyo wake ulikuwa unakwenda mbio mpaka nikaogopa. Nilidhani siku ile tunamzika.

Kinachoniuma ni kwamba dalili zote tulikuwa tunazishangilia. Vile vidonge vya madini joto ulivyotuletea, vya mwani, kwa ajili ya rovu lake, ule uvimbe wa shingoni anaouficha kwa ushungi miaka yote, alianza kuvimeza Idi Kubwa. Akawa anapungua, halali, hatulii pahala, anafagia ua mara mbili kwa siku. Tukasema dawa ya Kidawa imemkubali. Mikono ilipoanza kumtetemeka tukasema uzee. Mimi, ninayejifanya najua kila kitu katika nyumba hii, nikawatangazia majirani kwamba Mama amerudi ujana.

Hospitali, daktari aliuliza anatumia dawa gani. Nikajibu kwa kujiamini: kidonge kimoja kwa siku, kama chupa inavyosema, nampa mwenyewe asubuhi na chai. Wifi yetu Mize akanigeukia, uso umemshuka. Akasema na yeye humpa kimoja adhuhuri, baada ya wali. Kifurushi kilipofika nilimgawia chupa moja, si unajua cha Ulaya hakiliwi peke yako, nikadhani anameza mwenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama, kalala pale, akatukumbusha bila wasiwasi kwamba kuna na cha alasiri, cha Kidawa. Kila ukipiga simu humuuliza kama ameshameza dawa yako. Ili asikudanganye, humeza kimoja kwanza ndipo apokee.

Vitatu kwa siku, miezi mitatu. Daktari akamuuliza kwa nini hakutuambia.

"Kila mwanangu kanipa kwa mapenzi yake," akasema. "Ningemrudishia nani?"

Daktari alitueleza taratibu. Madini joto mwili unayahitaji, lakini kwa Mama yaliyomo kwenye chumvi ya dukani yanatosha. Rovu kongwe kama lake likimiminiwa mengi, tezi ya shingoni inaweza kufanya kazi kupita kiasi, na moyo ndio unaoumia. Amepewa dawa za kuituliza, tukarudi naye nyumbani. Vidonge vile asiguse hata kimoja, maana moyo ukienda mbio vile mara ya pili huenda tusimuwahi.

Usijilaumu peke yako. Kosa ni letu sote watatu. Mimi nimeshalia zamu yangu, na Mize analia mpaka leo.

Mama alinikataza nisikwambie. Aliniagiza niseme dawa imemsaidia sana, usije ukavunjika moyo huko ugenini. Na wallahi nilitaka kumtii. Chupa yangu na ya Mize nilizimwaga chooni, nikajua yamekwisha.

Jana alasiri simu yako ikalia. Nilikuwa mlangoni na sinia, nikamwona anafungua pindo la kanga, anatoa kidonge. Nilimdaka mkono kikiwa kimeshafika mdomoni. Kidawa, sijapata kushtuka hivyo tangu nizaliwe. Sinia sijui nililitupa wapi.

Hakunigombeza. Akaniangalia tu, akasema, "Mwanangu yuko mbali, kila siku ananiuliza jambo moja. Nnataka kumjibu kweli."

Nimepekua kanga zake zote, nimetoa saba, kumbe alivichota mapema kwenye chupa zetu. Sijui kama ndivyo vyote. Daktari amemkataza, hakusikia. Mimi nimemkataza, hakusikia. Basi leo alasiri ukipiga, usimuulize. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, kwamba dawa yako hutaki aimeze tena. Ukisema wewe ataacha.

Jecha na Mize wanakusalimu sana, na Mize anaomba radhi. Nisalimie shemeji, wabusu wanangu. Mola akulinde huko uliko na atuachie Mama yetu.

Akupendaye leo kuliko jana,
dada yako Amne