Mumbua, Jina la Seva Yetu

Alhamisi, baada ya kazi

Na bado nasema, hilo jina sibadilishi.

Wiki mbili nzima barua pepe zetu zilikuwa zinarudishwa kama za matapeli, kwa sababu namba ya seva yetu, kompyuta inayozituma, haikuwa na jina. Seva ya kule unakotuma inauliza, hii namba ni ya nani? Ikikosa jibu, inakufungia mlango. Mnunuzi wetu wa kahawa hakupata hata barua moja.

Namba hupewa jina moja tu, na seva ina wenyewe watatu: ushirika wa kahawa, shule na zahanati. Kila mmoja alitaka lake. Mzee Mutiso, mwenyekiti wa ushirika, akanigombeza mbele ya wote: "Nduku, wewe umeajiriwa tu kutunza seva. Weka jina la ushirika."

Sikuweka. Hiyo seva tuliiwasha siku ya mvua, kwa hivyo ni Mumbua, vile Mkamba yeyote angemwita msichana aliyezaliwa wakati wa mvua.

Jana nilipigia simu kampuni ya intaneti Nairobi, waliotupa hiyo namba. Fundi wao akacheka. "Madam, hilo si jina la kompyuta."

"Kompyuta ni yenu ama ni yetu? Andika."

Akaandika.

Naogopa mkutano wa wenye seva Jumatatu, sitajidanganya. Wanaweza kunifuta kazi.

Lakini leo barua ya kahawa imefika, na mnunuzi amejibu. Mzee Mutiso amesoma jibu mara mbili, akakohoa, akaniuliza kama Mumbua anaweza kumpelekea ingine kesho.

Nimemwambia aombe vizuri.