Mama wa Maganda ya Mayai

Jumanne, 22 Februari 2011

Manyunyu tangu alfajiri. Kuta zinatoka jasho, sakafu ya duka langu la kahawa hapa ghorofani inateleza, taulo zinanuka. Msimu huu kila kitu Hanoi kinaota ukungu, ila laka tu, ule utomvu wa mti wanaochorea wachoraji wetu. Laka inapenda unyevu, ndiyo inakauka vizuri. Baba mdogo Trac, mchoraji rafiki wa baba, husema huu ni msimu wa wachoraji na vyura.

Uyen wa jumba la maonyesho amerudi. Binti mpole, anakunywa kahawa ya mayai kwa kijiko kama dawa. Wanaandaa maonyesho ya Siku ya Wanawake: kila familia ya mtaa wa zamani iazime picha moja, ile ambayo ingechagua kuishi nayo kama ingeruhusiwa moja tu. Nikamwambia mimi hiyo "kama" ilishanipata. Wachoraji wasio na pesa walimlipa baba kahawa kwa picha miaka na miaka. Alipofariki, mimi na mdogo wangu Khoat tukakubaliana kila mtu achague moja, zilizobaki ziuzwe. Khoat alichagua farasi, akawauza kabla msiba haujapoa. Mimi nilimchagua mama.

Ni picha ya laka juu ya ubao: mama anaosha vikombe kwenye beseni. Blauzi yake ni maganda ya mayai ya bata, mayai ya humu humu dukani, yaliyokwisha kunywewa kwenye kahawa za watu. Nilikuwa na miaka minane. Mimi nilipasua maganda, baba mdogo Trac akayapachika kipande kwa kipande. Kisha laka haijakauka nikaweka kidole, pale ukingoni mwa beseni! Utomvu mbichi wa laka unawasha kuliko upupu. Nilivimba uso nikawa sioni, mama akaniogesha kwa majani ya mbilimbi. Trac alitaka kuipiga msasa ile alama ifutike. Mama akamkataza: iache, na yeye amechora.

Ipo mpaka leo. Kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko naigusa kwa kidole changu kidogo. Sina sura nyingine ya mama. Picha za kamera zilipotea tulipohamishwa wakati wa mabomu, na baada ya hapo hakutaka tena kupigwa picha.

Uyen aliiangalia sana. Akasema ni nyeusi kidogo, na laka ikizeeka kawaida hung'aa. Nikamjibu ni moshi wa ubani, madhabahu iko chini yake. Najua laka hung'aa. Nani Hanoi hajui? Moshi wa ubani.

Ijumaa, 25 Februari

Wameichukua. Niliifunga mwenyewe kwa blanketi. Ukuta umebaki na msumari na mraba msafi. Nimeinua kidole asubuhi, nikagusa chokaa. Diep amenicheka. Huyu ni binti wa Khoat, nimemlea mimi tangu mama yake afe. Ana miaka kumi na tisa sasa na mdomo mrefu. "Shangazi, mpigie simu basi, umwambie mama umemkumbuka."

Jumatano, 2 Machi

Uyen amepiga simu. Anazunguka maneno. Imeletwa picha nyingine, kutoka Saigon, ya mzee mmoja anaitwa Luong. Inafanana na yangu. Inafananaje? Akasema nije tu niione.

Nimecheka. Mji huu nusu ya kuta zake ni nakala. Watu wanauza ya kweli, wanatundika ya uongo ili jirani asijue. Maskini mzee wa watu, amebebeshwa nakala mpaka Saigon. Kesho nafunga duka mapema nikamwonyeshe alama ya kidole, tumalize.

Nikamweleza Diep tukiosha vyombo. Hakucheka. Kavunja kikombe.

Alhamisi, 3 Machi

Sijui nianzie wapi.

Wameziegemeza ukutani, mbili, bega kwa bega. Sikuhitaji kusogea. Ile ya Saigon inawaka. Maji ya beseni yana dhahabu chini kabisa, dhahabu ambayo nilikuwa nimeisahau. Na mdomo wa mama — anacheka! Anamcheka mtu aliye nje ya picha, bila shaka baba. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mama yangu alikuwa mtu wa kucheka.

Yangu hacheki. Yangu ana mdomo wa mtu aliyenyimwa kitu. Miaka hii yote nilidhani moshi umemfunika. Kuna usiku nilidhani amenikasirikia. Nilimwomba radhi. Nilipiga magoti mbele ya ule ubao nikamwomba radhi kwa kosa nisilolijua, nikapunguza na ubani ili asiendelee kuwa mweusi.

Nikainama kwenye ile ya Saigon, ukingoni mwa beseni. Alama ipo. Mstari unaokatisha ncha, kovu la kisu cha kukatia limau, ninalo hadi leo. Uyen akaweka kidole changu pembeni yake, akavitazama kwa kioo chake cha kukuzia. Kisha akaenda kuniletea chai.

Mzee Luong alisimama kofia mkononi. Alinunua kwa haki, kwa mtu wa duka, anasema, miaka kumi na miwili sasa. Alisema pole kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Ndiye pekee aliyesema pole leo.

Na yangu? Yangu nayo ina alama ya kidole, mahali pale pale. Kidole cha mtoto. Hakina kovu.

Ijumaa, 4 Machi

Nimekumbuka kitu nikivunja mayai. Nikaacha sufuria jikoni ikaungua.

Mwaka ule, miaka kumi na miwili iliyopita, Khoat aliniambia picha imefifia, baba mdogo Trac aichukue aing'arishe kwa kiganja, kama wanavyofanya. Ilikaa kwake msimu mzima wa manyunyu. Niliitoa kwa mikono yangu. Nilimpelekea na keki za mchele kwa ajili ya kumshukuru!

Na msimu ule ule Diep alivimba. Uso, mikono, macho yamefumba. Khoat akaniambia mtoto amecheza kwenye karakana ya makabati. Mimi ndiye niliyechuma majani ya mbilimbi. Mimi ndiye niliyemwogesha, nikimwimbia, nikimsimulia kwamba hata shangazi yake alivimba hivi hivi alipokuwa mdogo.

Walimchukua mtoto wakambandika kidole chake kwenye laka mbichi. Ili mimi nidanganyike vizuri.

Jumapili, 6 Machi

Khoat amekuja kula, kama kila Jumapili. Nikamngoja amalize bakuli. Sijui kwa nini nilimngoja, labda mazoea ya dada mkubwa. Kisha nikamwambia nimemwona mama, yuko Saigon, anacheka.

Aliweka vijiti chini. Hakukana, hilo nampa.

Alisema Ly alikuwa anakufa. Ly ni mkewe, mama yake Diep. Hospitali ilitaka dawa za nje. Alikwisha kuuza pikipiki, kitanda, kila kitu.

"Ungeniomba."

"Ungekataa, dada."

"Ungeniomba, Khoat!"

"Nilikuomba. Nilikwambia tuuze kitu. Ukaniambia uza chochote ila mama. Hukumbuki kwa sababu hukuwa unanisikiliza. Ulimpenda mama wa ubaoni kuliko mke wangu aliyekuwa anapumua."

Nikamwambia Ly alikufa hata hivyo. Neno baya, nimelisema, na silirudishi. Nikamwambia miaka kumi na miwili amekuwa akija siku ya kumbukumbu ya mama, anawasha ubani, anainama mara tatu mbele ya ubao alioupachika yeye, mimi nimesimama nyuma yake nikijisifu kwamba mdogo wangu ana adabu.

"Niliinama kweli," akasema.

Nikamwonyesha ngazi. Kumbukumbu ya mama ni Jumamosi, tarehe nane ya mwezi wa pili wa kalenda ya mwezi. Nikamwambia asije. Diep alikuwa jikoni, bomba la maji limefunguliwa bila kuosha kitu.

Jumatatu, 7 Machi

Nimekwenda kwa baba mdogo Trac. Tisini kasoro, masikio yamekwisha, mikono bado myeusi kwa laka kwenye kucha. Mjukuu alitaka kunizuia. Nilipita.

Nilimpigia kelele, na si kwa sababu ya masikio yake tu. Nikamwambia ulikuwa unakunywa kahawa ya baba bure, ukamlipa kwa picha, ukaja kuiiba picha.

Akasema hakuiba, alichora. Watu wa mji huu wanalia usiku na mchana kupata mkono wake mara moja, mimi nimepewa mara mbili.

Unaona kiburi? Nikamuuliza basi kwa nini mdomo hauko sawa, kama mkono ni ule ule. Hapo ndipo aliponitazama.

"Ile ya kwanza alikuwa amekaa mbele yangu, ananitania. Ya pili alikuwa keshakufa. Nilijaribu kumchekesha, Thoa. Nilipiga msasa, nikarudia, nikapiga msasa, nikarudia. Hakucheka."

Nilitaka kumchukia hadi mwisho. Nimerudi kwa miguu kwenye manyunyu, nimelowa hadi ndani, na bado namchukia, lakini si hadi mwisho. Angalau Khoat alikuwa na mgonjwa. Huyu alikuwa na nini? Kila mwaka alikuja dukani, akakaa chini ya ubao ule, akanywa.

Jumanne, 8 Machi

Wanaume wote wa mji wamebeba maua. Sikwenda kwenye ufunguzi. Uyen ameziweka zote mbili, ananiambia watu wanasimama pale kuliko kwingine. Wengi wanaipenda iliyo nyeusi. Watu hawana akili.

Kisha akaniambia jambo la pili. Mzee Luong hajalala tangu Alhamisi. Yuko tayari kubadilishana: mimi nichukue anayecheka, yeye achukue yangu, bila nyongeza, hata nauli ataibeba mwenyewe. Anasema mama wa mtu hawezi kukaa sebuleni kwake sasa. Anarudi Saigon Jumamosi mchana, anataka jibu kabla.

Nikajibu papo hapo ndiyo. Nani angesema hapana?

Diep alikuwa anafuta meza. Nikamgeukia, nikamuuliza lile ambalo sikuwa nimemuuliza tangu Ijumaa. Ulijua?

Akasema baba yake alimwambia akifungua mdomo shangazi atamfukuza, na mama yake alikuwa amelazwa, angekwenda wapi. Kisha akazoea. Kisha ikawa imechelewa.

"Kila asubuhi ulikuwa unaamka unagusa pale," akasema. "Mimi niko kitandani nakusikia. Nilikuwa nasema moyoni, ananisalimia mimi."

Nilimwambia aende akalale. Ilikuwa saa kumi jioni.

Alhamisi, 10 Machi

Hatuongei. Wateja wanauliza kama kuna msiba. Kahawa yangu imekatika mara mbili, povu halipandi.

Mtoto niliyemkatia kucha. Niliyemfundisha kutenganisha kiini na ute. Miaka kumi na miwili analala chumba cha pili, anajua. Khoat nimemtoa kwa ngazi, Trac nimempigia kelele. Huyu nimfanye nini? Nikimtazama naona ule uso uliovimba, nakasirika, halafu sijui namkasirikia nani.

Jumamosi, 12 Machi

Leo ni kumbukumbu ya mama. Nimeandaa kuku wa kuchemsha, wali wa kunata, supu ya tambi nyembamba, kahawa moja ya mayai bila sukari kama alivyoipenda. Wageni wameambiwa saa tano.

Uyen ameleta zote mbili asubuhi, kwenye gari la mzee Luong. Mzee mwenyewe amekaa ndani ya gari, hataki kupanda kwenye shughuli ya watu. Diep amezibeba juu moja moja, amezisimamisha juu ya benchi chini ya msumari. Hakuniuliza kitu. Amefungua blanketi la moja, halafu la pili, akarudi jikoni.

Nimebaki nazo peke yangu. Nimemwangalia anayecheka hadi nikacheka. Ndiye. Ningemjua gizani. Nikamwambia karibu nyumbani, mama, na nilimaanisha. Kisha nikainua mkono, mazoea tu, nikagusa ukingo wa beseni, nikakuta nimegusa ile nyingine. Kidole kidogo kimekaa palepale kinapokaa kila siku.

Khoat yuko chini. Nilimwambia asije, amekuja. Amesimama mlangoni na sinia la machungwa, amevaa shati jeupe, watu wanampita kwenye ngazi wanamsalimia. Hapandi. Sijamwambia apande, sijamwambia aondoke.

Nimemwita Diep. Nimemwambia weka kidole chako hapa. Akauliza kwenye ipi. Nikamwambia unajua ipi. Mkono ulikuwa unanuka mayai. Kidole kimeishinda alama siku nyingi, kinaifunika yote na kubaki.

"Shangazi, wageni wako kwenye ngazi," akasema. "Nitundike ipi?"

Uyen amepanda, anasubiri mlangoni na blanketi mkononi, ndilo atakalofungia itakayoondoka. Chini gari la mzee Luong limewashwa. Nimewaambia wanisubiri kidogo, natafuta kiberiti cha ubani. Kiberiti kiko mfukoni mwangu. Niko jikoni, naandika, na kwa mlango namwona Diep hajaondoa kidole.