Muziki Yenye Ulipiga Nyuma ya Shuka

Anselme,

Nimekukasirikia. Acha nianze na hiyo, juu nikianza na machozi utanicheka, vile ulikuwa unanicheka kila mara niliposema kitu kwa moyo.

Tangu tukuzike, muji muzima iko naimba wimbo yako ya viatu. Kwenye matanga waliimba, kwenye soko wanaimba, hata Mama Zaina muuza makemba, zile ndizi za kupika, Mwislamu wa Maniema mwenye hakanyagi misioni, anaimba ile ya papa mwenye alinunua viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto. Bon, ni wimbo muzuri. Inachekesha. Lakini nikisikia wanasema "Anselme alikuwa fundi," roho inanichoma. Wanajua nini? Wanakujua kwa ile moja tu, na ndiyo ile yenye haikukutesa hata kidogo kuitunga.

Miye nilikaa pembeni yako nyuma ya shuka ya sinema. Père, padri wa misioni, mbele na mashini yake ya sinema, pamoja na watu na makelele yao. Sisi wawili nyuma, weye na gitare na likembe yako ya kupiga na vidole gumba, miye na akordeo, tukiangalia picha imegeuka. Wagenia, wale wavuvi wa maporomoko, wote walikuwa mashoto kwetu. Siku moja uliniambia, na uso wa mutu wa maana sana, ati Wagenia wote wanazaliwa mashoto. Miye mugeni wa Kindu, nikaenda kumuuliza muvuvi moja. Alinifukuza na kasia! Weye ulicheka mpaka ukalala chini.

Ile mashini ilipiga krrrr, watu walipiga kelele zaidi, donc kule mbele walisikia nyimbo za nguvu tu. Zile za polepole hakuna mutu alizisikia. Ile ya wavuvi: uligonga ubao wa gitare kama kasia kwenye mutumbwi, halafu pale kitunga ya kutegea samaki inapotoka kwenye maji ukaacha kila kitu, kimya kabisa, mpaka samaki iruke. Ile ya mama wa ugonjwa wa usingizi: sauti mbili tu za likembe, moja ikichelewa, ikichelewa tena, kama mutu anayesinzia. Ile ya chui wa Bafwasende, ulikwaruza chupa na kisu, nikatetemeka miye mwenye nilikuwa nakuona ukikwaruza. Kila sinema uliipa roho yake. Ungesema ni watu watatu walitunga. Na miye peke yangu nilisikia. Nilipenda hivyo, nakuambia wazi. Nilipenda kwamba hakuna mwingine.

Na nilikuonea wivu, Anselme, wivu ya kukosa hamu ya kula. Ulipopiga ya viatu, Père alitoa kiko yake mudomoni. Nilipomupigia valse, dansi ya wazungu yenye nilitunga mwenyewe, alisema "Pas mal," yaani si mubaya, moshi ikitoka na kiko iko palepale kwenye meno.

Alors, sikia habari. Père amepata mashini ya kushika sauti. Lakini bande, ule utepe wake, iko moja tu. Sinema zote zitapanda kamyo mpaka Bafwasende, zirudi, kisha treni mpaka Ubundu, na bande ndiyo itapiga muziki mahali petu. Yenye haiko ndani ya bande, basi, imekufa. Ya viatu tuliiweka ya kwanza, juu watu wataidai. Halafu Père akaniambia: "Fidèle, nafasi yenye inabaki ni yako. Weka unachotaka."

Yangu! Nilivaa shati ya misa.

Père akatundika shuka, akanikalisha mbele ili nifuate picha vizuri. Haikuwa imenifikia hata siku moja kukaa mbele. Kumbe wavuvi wanavuta na mukono wa kuume, kama watu wote! Nikacheka, nikageuka nikuambie. Kiti ilikuwa wazi. Ee, Anselme. Père akajifanya anatengeneza mashini.

Nikaanza valse. Ilitembea vizuri. Lakini kitunga ikaanza kupanda, na valse yangu ikapita hapo la-la-la, kama mutu mwenye anapiga domo wakati wa sala. Hasira ikanishika, na nilikukasirikia weye. Nikasema: "Père, turudie."

Nikapiga yako ya wavuvi. Kisha nikachukua likembe yako, yenye muke yako Régine alinipa matanga yalipoisha, nikapiga ya mama wa usingizi. Kisha chui, na chupa ya Père mwenyewe. Bande ikaisha, ncha yake ikawa inazunguka na kupiga tap, tap. Valse yangu haikupata mahali.

Père alikuwa ametoa kiko. Aliishika mukononi, imezimika. "Fidèle, hii ni yako?"

Weye ulikuwa kwenye udongo. Régine hakuwapo. Hakuna mutu duniani alijua. Niliangalia ile kiko. Miaka yote nilitaka itoke mudomoni juu yangu.

"Ya Anselme," nikasema. "Zote tatu." Iliniuma, na inaniuma hata sasa nikikuandikia.

Donc sasa watakujua. Kule Ubundu watamulilia mama wa usingizi, na sitakuwapo kuwaambia nilimusikia miye wa kwanza. Nimekugawa kwa watu, na sikupenda.

Lala, ndeko, ndugu yangu. Régine na watoto hawatakosa samaki, hiyo niachie miye. Père sasa anataka kupiga sinema ya treni, na muziki ni ya kwangu. Nitaitunga polepole, nitaweka kimya pale inapotakiwa, na sitakuiba hata sauti moja. Ikiwa tayari nitaleta akordeo mpaka kwenye kaburi yako, nikupigie weye mbele ya Père. Usinicheke. Ona wivu kidogo. Ni zamu yako.

Fidèle