Mgeni wa Hotelini Mjini Kwetu

Alhamisi, 31 Oktoba

Mayai tena. Nilisema ya kukaanga, yakaja ya kuchemsha, nikala. Idrisa yuko kwenye chai ya pili, anaitazama milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa kama aliyeilipia. Tumelala hapa usiku mmoja tu na tayari ana kiti chake kibarazani, hataki mtu akikalie.

Hoteli nzuri, sitaki kuisema vibaya. Shuka nyeupe. Maji ya moto yanatoka bila kubembelezwa. Chini kuna ufukwe mdogo, viti vya kulalia, miavuli ya makuti. Na kutoka hapa mpaka kwa mama Ujiji ni mwendo wa bajaji, tena si mrefu.

Niandike wazi, maana hapa hasomi mtu. Tumefika Kigoma jana, Jumatano. Mama anajua tunafika Jumamosi.

Wazo ni langu, Idrisa asisingiziwe. Miaka miwili ya ndoa, hajawahi kufika kwetu. Harusi ilifanyika Dar, mama akaja kwa treni na ndoo ya mawese. Safari hii nilimwambia mume wangu tupumzike hotelini kwanza, wawili tu, halafu ndiyo twende kwa mama mpaka Jumatatu tuondoke. Akauliza kwa nini tusifikie nyumbani moja kwa moja. Nikasema nyumba ndogo, watu wengi, hutalala. Sikusema kwamba choo kiko nje na mlango wake ni gunia. Wala sikumkumbusha ile nyumba ya babu yenye mlango wa nakshi niliyomsimulia wakati wa uchumba. Nyumba hiyo ipo. Ila ni ya jirani.

Kulala hotelini mjini kwenu, mama yako yuko hai na ana nyumba. Ujiji hilo ni tusi. Hata aliyegombana na wazazi hufikia kwa shangazi.

Mchana mama kapiga simu. Niko kwenye kiti cha kulalia, miwani ya jua usoni, juisi mkononi. Mmeshafunga mizigo? Nikasema bado kidogo, mama. Hapo radi ikapiga. Radi za Kigoma hazina adabu. Ilipiga juu ya kichwa changu na ikapiga ndani ya simu, upande wa mama, papo hapo. Mama akaacha habari ya mizigo. Kisha akauliza, "Huko Dar nako kunanyesha?"

Nikasema sana, mama, mafuriko matupu.

"Haya mwanangu. Mjifunike."

Mafuriko! Nani aliniuliza mafuriko?

Juisi ikanishinda.

Ijumaa, 1 Novemba

Najichukia. Nianze hapo.

Asubuhi hoteli ilitutoa kwa boti. Sisi wawili na mume na mke kutoka Arusha, watu wazuri, mke ana kamera kubwa. Tulikuwa tuzunguke tu kando ya ziwa. Mama wa Arusha akasema yeye anataka kuwaona wavuvi wakishusha samaki. Mwenye boti akasema hilo jambo dogo, akageuza kuelekea Ujiji. Nikasema nasikia kichefuchefu. Akasema vumilia dada, ni hapo tu.

Mwalo ulikuwa umejaa. Usiku wa jana ulikuwa wa giza, taa za wavuvi zilitapakaa ziwa zima, kwa hiyo samaki walikuwa wa kutosha. Nilimsikia kabla sijamwona. Sauti ya mama naijua hata nikiwa usingizini.

"Hao wembamba kawape paka! Mkwe wangu anakuja kesho, nataka wa kujaza sahani!"

Amesimama na beseni lake la bluu, kanga kiunoni, migebuka miwili mikononi anaipima kwa macho. Muuza samaki anamtania, huyo mkwe ni wa wapi hata samaki wetu wote wawe wembamba kwake? Mama anajibu wa Dar, na mwanangu Zuhura, tangu aolewe hajaja nyumbani. Anasema kwa nguvu, mwalo mzima usikie. Watu wanacheka naye. Anafurahi. Sijui lini nilimwona amefurahi vile.

Nililala chini. Kwenye mbao zenye maji, na jaketi la kuokolea, nikaweka kofia usoni. Mwanamke mzima, nina kazi benki, nina watu chini yangu, nimejilaza ndani ya boti namkimbia mama yangu aliyekuja kuninunulia samaki.

Idrisa aliniona. Alihama akakaa ukingoni, akaupa mwalo mgongo, kofia kaishusha. Akanikinga. Afadhali angenisema.

Tulipoondoka mama wa Arusha akanionyesha picha kwenye kamera. Mama yangu, mdomo wazi kwa kicheko, mgebuka juu. "Tazama huyu bibi anavyochekesha."

Nikasema kweli, anachekesha.

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Chumbani Idrisa akaniambia, "Zuhura, twende leo. Twende sasa hivi." Nikamuuliza tutasema nini. Tumetoka wapi? Ndege gani ya Ijumaa jioni? Tumeshafika hapa, imebaki siku moja, tumalizie tu. Akaniangalia kama mtu anayesoma bei. Akashuka kula peke yake.

Jumamosi, 2 Novemba

Naandika niko Ujiji, chumba cha wageni.

Mvua tangu alfajiri. Mimi nahangaika na saa. Ndege ya Dar hutua karibu na saa tano, nikahesabu muda wa mizigo, muda wa njia, nikamwambia dereva wa teksi aje saa tano na nusu. Vile vikaratasi vya ndege kwenye masanduku nilimkataza Idrisa asivibandue tangu Jumatano. Nilikuwa najiona hodari kweli. Nilipanga kila kitu isipokuwa ndege yenyewe.

Tukafika. Mama kajaza nyumba. Jamvi uani chini ya turubai, wanawake wa mtaani, harufu ya pilau na ya migebuka ya kukaanga. Nikashuka na tabasamu langu la safari. Nikasema shikamooni. Hawakuitika.

Bajaji ya kaka Hamisi ilikuwa chini ya upenu, inachuruzika matope. Nilimwambia mama asimtume mtu kutupokea. Kamtuma. Hamisi alikuwa ndiyo kwanza karudi uwanjani na habari kwamba ndege imeshindwa kutua kwa mvua, imegeuza. Wanawake walikuwa wameshaanza kutupa pole hatupo. Na sisi hawa hapa, wakavu, tumechana nywele, na masanduku yetu.

Bi Kidawa jirani, mwenye ule mlango wa nakshi, ndiye aliyeuliza. Lazima awe yeye. "Ndege si imegeuza? Nyie mmeshukia wapi?"

Idrisa akafungua mdomo. Nadhani alitaka kusema kweli.

Mama akatokea jikoni na mwiko mkononi. "Wamekuja kwa treni, Kidawa. Imeingia alfajiri. Mimi ndiye niliyewaambia wasije na usingizi machoni, wapumzike kwanza mjini. Hamisi nilisahau kumwambia, uzee huu." Akanikumbatia na ule mwiko. "Karibuni wanangu. Poleni na safari."

Mama yangu hasemi uongo. Nilipokuwa mdogo niliwahi kusema nimeswali kumbe bado, akanikalisha kwenye mkeka nikaswali, kisha akalia yeye. Leo kasema uongo mbele ya ua mzima, na mwiko mkononi, bila hata kupepesa.

Bi Kidawa anazijua siku za treni kuliko stesheni masta. Leo si siku yake. Alimtazama mama, akanitazama mimi. Kisha akasema, "Ah, basi afadhali treni, mvua hii," akasogea kunipisha kwenye jamvi. Naye akanisitiri. Nikakaa. Nikaletewa mgebuka mkubwa, umejaza sahani.

Niliula wote.

Jumapili, 3 Novemba

Chumba kimepakwa rangi ya kijani. Kwa ajili yetu. Bado kinanuka, na ukuta ukiugusa unanata kidogo, mvua hizi hazikaushi kitu. Choo cha nje kina mlango wa bati, mpya, na taa. Mama kajua nitaogopa nini. Amelitoa gunia.

Idrisa yuko raha mstarehe. Anakaa uani na Hamisi, anafundishwa kutenganisha mwiba wa mgebuka kwa ulimi. Saa nne alitoka kununua vocha, akarudi anacheka peke yake. "Ule mlango wa babu yako, nimeuona. Kuna mama mmoja anauanikia nguo." Nilitaka ardhi ipasuke. Akanishika bega, akasema mimi nilidhani umeniletea mlango kumbe umeniletea mama. Sijui kama ni utani au kunisema. Labda vyote.

Nilijaribu. Adhuhuri nikamfuata mama jikoni nikasema, mama, nina neno nataka kukwambia.

"Kula kwanza."

Nimekula, mama.

"Basi mpelekee mumeo maji ya kunawa."

Jioni nikajaribu tena. Akaniambia nimsaidie kukunja turubai. Hataki kusikia. Nikiungama mimi nitapata nafuu, na yeye uongo wake atabaki nao. Sijawahi kuona aibu ya namna hii, ya mtu kukupikia, kukutandikia, kukusitiri, na kukunyima hata nafasi ya kuomba radhi.

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua imekata. Ndege mchana.

Asubuhi tulikaa mimi na mama kibarazani tunachambua dagaa wa kubeba. Anatoa changarawe na vichwa vilivyokatika, ananipa safi mimi nitie mfukoni. Tulifanya hivi tangu nikiwa sijui kusoma. Huko barabarani Hamisi anaosha bajaji.

Mama akasema, macho kwenye ungo, "Bora hamkushukia hapa Jumatano. Rangi ilikuwa mbichi kabisa. Mngeumwa vichwa."

Akaendelea kuchambua.

Jumatano. Mimi sikumtajia Jumatano. Idrisa nimemuuliza baadaye, naye hakumtajia. Alijua tangu siku tuliyoshuka. Mtu wa Ujiji hatui uwanja ule asionekane. Aliponipigia simu alijua, na radi aliisikia kama mimi. Alipopiga kelele mwaloni kwamba mkwe anakuja kesho, alijua tuko wapi. Na Hamisi alimtuma uwanjani ili mtaa uone kuwa tunatoka safarini, jina langu lisiguswe. Ndege ikamharibia, ndipo ikabidi aseme uongo kwa mdomo wake. Siku zote tatu nilizokuwa namficha, yeye ndiye aliyekuwa ananificha.

Nilisema, "Ndiyo, mama."

Machozi yalikuwa yanaanguka kwenye dagaa. Akauvuta ungo upande wake, akasema tayari wana chumvi hawa, usiwaongezee.

Kisha akaniambia niufunge mfuko mara mbili, wasije wakanuka ndegeni nikaona haya mbele za watu.

Nimeufunga mara moja tu.